Barua ya wazi kwa wakufunzi wa vyuo vya ualimu: Msimsimamishe mwanachuo kwa kabila lake

Kwa Wakuu wa Vyuo vya Ualimu na wakufunzi wote nchini.

Nakala kwa Kamishna wa Elimu, Taasisi ya Elimu Tanzania na serikali za wanachuo.

Waheshimiwa wakufunzi,

Nawaandikia kutoka Newala, juu ya uwanda wa Makonde. Nimefundisha shule za msingi za wilaya hii na za Masasi hadi nilipostaafu, na kazi hiyo nilifunzwa na wakufunzi wa chuo cha ualimu kama ninyi. Nawaheshimu. Ndiyo maana sikutaka malalamiko haya yaishie barazani kwetu, ambako kila likizo tunayasikia kutoka kwa watoto, tunasikitika, kisha watoto wanarudi chuoni kuyakuta yaleyale. Nayasema mbele ya watu wote: ndani ya madarasa yenu, kabila la mtoto wa Kusini limekuwa kichekesho cha kuchangamshia kipindi na mfano wa kufundishia upotofu. Nataka jambo hili likome, na sababu zangu ni hizi.

1. Binti wa dada yangu alijiunga na chuo kimoja cha ualimu, mbali na mkoa wetu. Chuo sikitaji, kwa kuwa habari za namna hiyo nimezisikia kutoka kwa vijana waliosoma vyuo tofauti. Siku hiyo mada ilikuwa mila na desturi zinazokwamisha elimu. Mkufunzi aliuliza nani ametoka Mtwara. Binti akanyoosha mkono. Akaambiwa asimame, awaeleze wenzake unyagoni wanafundishwa nini. Darasa lilicheka kabla hajafungua mdomo. Aliponyamaza, mkufunzi akasema, mnaona, hata wenyewe wanaona aibu. Kijana mmoja kutoka nyuma akauliza kama bado wanakula panya, mwingine akataka kujua kama bibi yake ana chale usoni. Kipindi kikaendelea. Hadi anamaliza chuo, binti huyo aliitwa Ndonya, kwa jina la pambo la mdomo la bibi zetu, na miongoni mwa waliomwita hivyo walikuwamo watumishi wa chuo.

Mkufunzi yule hakumtukana. Pengine aliamini kwamba anawashirikisha wanachuo, kama mbinu za ufundishaji zinavyotaka. Lakini alichokifanya ni kumchukua msichana mmoja na kumfanya shahidi wa kabila zima, bila kumwuliza kama yu tayari, bila kumpa muda wa kujiandaa, tena juu ya mambo ambayo aliyepita unyagoni huusiwa asiyaseme ovyo hadharani. Kisha ukimya wake ukageuzwa kuwa ushahidi dhidi yake. Mwanachuo akiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, akamfanyia hivyo mtoto wa darasa la tano, mkufunzi huyohuyo angemkata alama, na angekuwa na haki.

Liko pia jambo ambalo hakuna aliyejali kuliuliza darasani mle. Binti huyo si Mmakonde. Ni Mmakua wa Masasi.

2. Kwa wengi wenu, kila anayetoka kusini ya Rufiji ni Mmakonde. Rais Benjamin Mkapa, aliyezaliwa Lupaso, Masasi, mwaka 1938, alikuwa Mmakua, na hadi leo nakutana na wasomi wanaomhesabu Mmakonde. Masasi wanaishi Wamakua, Wayao, Wamakonde, Wamwera na wengine. Mji wenyewe una historia inayotosha kufundishwa muhula mzima. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA aliwaleta pale watu waliokombolewa utumwani, watu wa asili mbalimbali ambao wengi wao hawakuwa na njia ya kurudi kwao, wakaanza maisha mapya chini ya ile milima ya mawe. Mwaka 1882 Wangoni, walioitwa huku Magwangwara, waliivamia misheni hiyo. Mwaka 1905 vita ya Maji Maji nayo ikafika, misheni ikachomwa. Watu walikimbia, wakarudi, wakaoana. Anayetaka kumpata Masasi mtu wa kabila lisilochanganyika, ili amsimamishe darasani kama kielelezo, atatafuta sana.

Na Wamakonde wenyewe je? Anayefika Newala huoneshwa Shimo la Mungu, pale uwanda unapokatika ghafla na bonde kufunguka chini. Akishatazama vya kutosha, ajiulize swali ambalo mwalimu yeyote wa jiografia angelipenda: kwa nini watu wengi hivi waliamua kuishi juu, mahali pasipo na mto wala chemchemi, na kuiacha mito bondeni? Jibu mojawapo ni usalama. Vichaka vizito vya uwandani vilikuwa kinga dhidi ya wakamata watumwa na dhidi ya wavamizi wengine, na gharama ya kinga hiyo waliilipa wanawake, walioteremka genge kufuata maji na kupanda nayo kichwani. Mradi wa maji wa Makonde ulipoanza miaka ya 1950 uliwapunguzia safari hizo, na pampu zinapoharibika safari hurudi. Watu hao ndio wanaoitwa wavivu.

Wapo waliolieleza jambo hilo la kuishi juu kwa hadithi. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na kukaa Newala akiwa na kamera na mashine ya kurekodi sauti, akaandika hadithi ya asili ya Wamakonde kama alivyosimuliwa. Mtu mmoja alitoka porini akiwa peke yake. Akachonga sanamu ya mwanamke kwa mti, na sanamu ikawa mke. Watoto waliowazaa mabondeni, karibu na maji, hawakuishi. Waliyemzaa juu uwandani aliishi, na wazee wakausia watu wao wakae juu. Humo mna uchongaji, mna jiografia, mna maarifa ya afya ya watu waliotambua kwamba bondeni kuna maradhi. Mkufunzi anaweza kuifundisha kwa vipindi vitatu bila kumwaibisha mtu.

Lakini kilichosambaa zaidi ni picha alizowapiga kina mama wenye ndonya na chale. Weule alikuja huku akilindwa na askari wa serikali ya kikoloni, wakati makovu ya Maji Maji bado mabichi, na watu aliowapiga picha hawakuwa na nafasi kubwa ya kukataa. Inaniuma kwamba zaidi ya miaka mia moja baadaye, ndani ya vyuo vya nchi huru, bado bibi zetu wanatazamwa kwa jicho la mgeni yule.

Wakati huohuo jina la Mmakonde linaheshimiwa duniani kwa sababu ya vinyago vya mpingo. Samaki Likankoa, aliyeanzisha mtindo wa shetani miaka ya 1950, na George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, kazi zao zimewekwa katika makumbusho na nyumba za sanaa za Ulaya na kwingineko. Kwenye mahafali ya vyuo vyenu sindimba huchezwa mbele ya mgeni rasmi na watu husimama kushangilia. Mwanachuo aliyewafundisha wenzake kuicheza jana jioni, leo asubuhi anachekwa kwa kabila lake. Ngoma mmeikubali, vinyago mmevikubali, na mwenye navyo bado hamjampa heshima yake.

3. Najua jibu la kwanza mtakalonipa: ni utani tu. Nimelelewa katika utani na ninaujua. Wachaga na Wapare wanataniana. Wanyamwezi na Wazaramo walipata utani wao kwenye misafara ya kwenda pwani. Utani una watu wake na una wajibu wake. Mtani anayekutania leo ndiye atakayekuja msibani kwako kushika kazi na kuwafanya wafiwa wacheke katikati ya kilio, na wewe una ruhusa ya kumrudishia palepale, neno kwa neno. Mkufunzi si mtani wa mwanachuo. Ameshika alama za maendeleo, ameshika ripoti ya mazoezi ya kufundisha, na saini yake inaweza kumchelewesha mtu mwaka mzima. Mwanachuo akithubutu kumrudishia, ataandikiwa barua ya utovu wa nidhamu. Maneno yanayotoka kwa mwenye mamlaka kwenda kwa asiye nayo, na hayaruhusiwi kurudi, hayo ni dharau. Wazee wetu waliujua mpaka huo vizuri kuliko sisi tuliosoma.

Kuhusu panya nitasema kidogo tu. Wako huku wanaokula panya wa porini, ambao tunawaita samaki nchanga. Bukoba wanakula senene, wanawafunga vizuri na kuwapeleka zawadi Dar es Salaam. Sijasikia Mhaya akisimamishwa darasani aeleze.

4. Hapa kwenye unyago nitakaa, kwa sababu ndipo dharau inapojificha nyuma ya hoja ya elimu.

Lakini nianze na ukoo, ambao kwetu hufuatwa kwa mama. Wamakonde, Wamakua na Wayao wote wamekuwa na desturi hiyo, ingawa Uislamu, Ukristo na mikorosho vimeibadilisha sana. Mtoto alikuwa wa ukoo wa mama yake, na kauli ya mjomba ilikuwa nzito kuliko ya baba. Mume aghalabu alihamia upande wa wakwe. Ndoa ikivunjika, mwanamke hakuondoka na kirago chake kwenda asikokujua: alikuwa kwao, karibu na shamba la kwao na watoto wake. Sasa aje mtu aliyelelewa katika ukoo wa baba, ambako mahari ni ng'ombe wengi na mwanamke akiachika huacha watoto nyuma. Anamwona mwanamke wa huku ameachika na anaishi bila hofu, anachagua kuolewa tena au kukaa. Anarudi kwao anasema wanawake wa Kimakonde hawatulii. Alichokiona ni utaratibu wa makazi na mirathi asioujua, akaupa jina la uhuni. Mikorosho nayo ilipokuja iliutikisa utaratibu huo, kwa sababu ni mali ya kudumu: baba aliyeipanda kwa jasho lake anataka amwachie mwanawe, mpwa naye anadai haki ya ukoo, na mashauri ya namna hiyo tumeyasikiliza sana vijijini. Hilo ni somo kamili juu ya jamii, mali na mabadiliko. Linapotea ndani ya kicheko cha dakika mbili.

Unyago wenyewe siutetei wote. Nimefundisha wasichana waliochezwa wakiwa wadogo mno, wakarudi darasani wakiwa wameambiwa kwamba wameshakuwa wakubwa. Zamani ilikuwa binti avunje ungo kwanza. Siku hizi wako wazazi wanaompeleka mtoto wa darasa la pili au la tatu, kwa sababu korosho zimeuzwa na fedha ya sherehe ipo. Jambo hilo limetuumiza na tunalisema katika vikao vyetu. Viongozi wa wilaya nao wamekuwa wakihimiza shughuli hizi zifanywe wakati wa likizo, na hilo ninaliunga mkono kwa moyo wangu wote. Lakini mkufunzi anayefundisha kwamba mimba za wanafunzi wa Mtwara zinatokana na unyago, amefuta ubaoni umbali wa kwenda shule, uhaba wa mabweni, njaa ya miezi ambayo hakuna korosho, na wanaume wazima wanaowapa watoto mimba. Mimba za wanafunzi ziko pia katika mikoa isiyojua unyago. Mwanachuo anayefunzwa kutafuta chanzo cha tatizo ndani ya kabila hatakitafuta mahali kinapokaa.

Zaidi ya hapo, unyagoni na jandoni watu walifunzwa mengi ambayo shule zetu leo zinayahangaikia: usafi wa mwili, heshima kwa wakubwa, namna ya kuishi na mwenza, wajibu wa mtu kwa ukoo. Vincent Lucas, Mwingereza aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi mwaka 1926, alilikuta jambo hilihili. Waumini wake walikuwa Wakristo na walikuwa watu wa jando, na hawakuwa tayari kuacha kimojawapo. Yeye na mapadri wa Kiafrika walikaa na wazee, wakapima lipi libaki na lipi liondoke, wakaanzisha jando la Kikristo lenye sala ndani yake. Unaweza kubishana na mengi aliyoyaamua. Mimi mwenyewe nabishana nayo. Lakini aliuliza kwanza, aliwauliza wenyewe, na alikuwa mgeni. Ninyi ni ndugu zetu, mnasema Kiswahili kimoja na sisi, na hamjauliza.

5. Linaloniogopesha kuliko yote ni hili: mnafundisha walimu. Kijana anayecheka leo atapangiwa kazi Newala, Tandahimba au Nanyumbu. Ataripoti kwa mwalimu mkuu akiwa ameshaambiwa kwamba watu wa Kusini hawapendi shule. Mtoto atachelewa kwa sababu ametumwa maji, mwalimu atasema ndivyo walivyo. Mtoto hasomi vizuri, ndivyo walivyo. Ameacha shule, ndivyo walivyo. Neno hilo humwondolea mwalimu kazi ya kuuliza kwa nini, na kuuliza kwa nini ndiyo kazi yake. Nimefanya kazi na walimu wa namna hiyo. Wengine walianza kuandika barua ya uhamisho kabla mizigo yao haijafunguliwa. Nimefanya kazi pia na walimu Wasukuma, Wanyakyusa na Wachaga waliofika huku bila maneno hayo kichwani, wakajifunza kusalimu Kimakonde, wakaenda nyumbani kwa wazazi, na watoto waliokuwa mkiani wakasoma. Tofauti kati ya hao na wale niliiona kwenye madaftari ya watoto.

Mnaosema hatupendi shule, someni historia ya Kusini. Padri Cecil Majaliwa, Myao aliyewahi kuwa mtumwa, alihudumu Chitangali katika nchi hii ya mto Ruvuma, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa upadri katika misheni ya UMCA. Shule za Chidya na Ndanda zimewatoa viongozi na wataalamu wa nchi hii kwa miongo mingi. Mkapa alitoka Lupaso akapita Ndanda, Kigonsera na Pugu hadi Makerere. Kisha someni tulivyonyimwa. Reli ya Mtwara kwenda Nachingwea, iliyojengwa na Waingereza kwa ajili ya mradi wa karanga, iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Rufiji tuliivuka kwa pantoni mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, na masika ilipochachamaa mwanafunzi wa Masasi aliyekuwa anakwenda shule ya bweni Pwani au Dar es Salaam alilala njiani siku kadhaa. Wakati mikoa mingine inajenga, huku kulikuwa mpakani mwa vita ya ukombozi wa Msumbiji. Wapiganaji wa FRELIMO walifundishwa Nachingwea, na wananchi wa kando ya Ruvuma waliishi na hofu ya majeshi ya Wareno kwa niaba ya Afrika nzima. Mwalimu anayejua hayo akimwona mtoto wa Newala amechelewa, atauliza swali lingine kabisa.

Na kuhusu uvivu, njooni msimu wa kupulizia salfa. Mkulima anaingia shambani alfajiri, mti kwa mti, wiki kwa wiki. Akivuna anaokota korosho mojamoja akiwa ameinama, anaanika, anachambua, anapeleka chama cha msingi, kisha anasubiri mnada. Mwenye shida ya haraka anamwuzia mlanguzi wa kangomba kwa bei ya kuumiza, kwa sababu ada ya mtoto haisubiri mnada. Ada hiyo ndiyo inayolipwa chuoni kwenu.

6. Wako wakufunzi wengine, na ni watu wema, ambao wakisikia kabila limetajwa darasani hukatisha mazungumzo. Husema Tanzania hatuna ukabila, tuendelee. Nalielewa chimbuko la jambo hilo. Sensa zetu hazijauliza kabila la mtu tangu ile ya mwaka 1967, na umoja tulionao ni wa kuulinda. Ila ukimya wa mkufunzi haufuti kinachosemwa bwenini, kwenye foleni ya chakula na kwenye makundi ya WhatsApp ya darasa. Mwanachuo aliyedhalilishwa anaona kwamba mwenye mamlaka amesikia na hakusema kitu. Mwalimu Nyerere hakuujenga umoja kwa kuwaonea watu aibu. Mwaka 1962 aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, na akaeleza kwamba wakoloni walitufanya tuamini hatuna utamaduni wetu, au tulio nao ni wa kuuonea haya. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza ubaguzi, na katika kuueleza inataja kabila na mahali mtu alipotoka, pamoja na kuwahesabu watu wa aina fulani kuwa duni. Hiyo ni sheria kuu ya nchi, na darasa la chuo liko ndani ya nchi.

Hata sisi wa uwandani tunalo la kurekebisha. Kuna wenzetu waliozoea kuwaita Wamakonde waliotoka Msumbiji Wamawia, kwa sauti ya kuwashusha, kana kwamba Ruvuma ni mpaka wa utu. Hilo pia lifundishwe, tena kwa uwazi, kwa sababu dharau hii haina kabila moja linaloimiliki.

Na wanachuo wajue habari za Kenya. Wamakonde walipelekwa huko zama za ukoloni kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, wakaishi vizazi kadhaa bila vitambulisho, bila akaunti ya benki, bila haki ya kupiga kura. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai kutambuliwa, na serikali ya Kenya ikawatambua kuwa kabila la 43 la nchi hiyo. Wazee walitembea juani ili wao na wajukuu wao waandikwe Wamakonde. Huku kwetu binti wa Newala akifika chuoni anasema anatoka Dar es Salaam, ili asiulizwe.

Maombi yangu kwenu, waheshimiwa, ni haya.

Kwanza, kila chuo kiweke katika kanuni zake kwamba mkufunzi hamlazimishi mwanachuo kusimama kueleza au kutetea kabila lake, wala hamwiti kwa jina la kabila au la utani wa kabila. Mwanachuo akijitolea mwenyewe kuzungumza, apewe muda wa kujiandaa na asikilizwe hadi mwisho.

Pili, nukuu za masomo na maswali ya mitihani ya ndani yapitiwe. Ninyi wenyewe kaeni na nukuu zenu, mhesabu ni mara ngapi mfano wa mila potofu ni Mmakonde, Mmasai, Mgogo au Mkurya, na mara ngapi kabila hizo zimetajwa kama mfano wa jambo lolote jema. Taasisi ya Elimu Tanzania isimamie kazi hiyo, hasa sasa ambapo somo la Historia ya Tanzania na Maadili limeingia shuleni na walimu wake wanaandaliwa na ninyi.

Tatu, mada ya mila na desturi ifundishwe kwa kazi ya kwenda kuuliza. Wanachuo waliopo Mtwara, Kitangari au Nachingwea wana makungwi, wangariba, wachongaji na wazee wa ukoo jirani na geti la chuo. Waliopo Kilimanjaro, Dodoma au Kagera wana wa kwao. Mwanachuo aandike alichosikia, asome mbele ya wenzake, aulizwe maswali. Na kila mmoja aanze na kabila lisilo lake.

Nne, kuwe na mtu wa kupelekewa malalamiko haya ambaye hashiki alama za mlalamikaji. Serikali ya wanachuo pamoja na mlezi wa wanachuo wanaweza kuifanya kazi hiyo, mradi mkuu wa chuo apokee taarifa kila muhula na ajibu kwa maandishi.

Tano, mtualike. Wako huku walimu wastaafu na wazee wanaoweza kuja chuoni kwa nauli tu, kuzungumza na wanachuo na kuulizwa lolote, pamoja na hayo ya unyago yanayofaa kusemwa mbele ya watu. Mimi ni mmoja wao.

Binti wa dada yangu alihitimu na sasa anafundisha. Hajarudi chuoni kudai kuombwa radhi, na barua hii nimeiandika kwa ridhaa yake, kwa sharti kwamba jina lake lisiandikwe. Alichoniomba ni kimoja: wanaomfuata wasimamishwe darasani kwa sababu wamejua jibu.

Naomba kila mkuu wa chuo aisome barua hii katika kikao cha wakufunzi kabla ya muhula ujao kufunguliwa, na majibu yenu myatoe hadharani, kama nilivyoyatoa malalamiko yangu.

Wenu katika kazi ya ualimu,

Mwalimu mstaafu,
Newala, Mtwara